Eneo la wazi kwa uwanja wa nyasi bandia: ni nini hasa kinachobadilishwa?

Pendekezo la aina hii huvutia likisomwa mbele ya mkutano wa mtaa. Pana eneo la wazi ambalo tangu mtaa upimwe halijaendelezwa. Limebaki na vumbi, migunga michache na mifuko ya taka. Anatokea mwekezaji anayelitaka eneo hilo, au kipande chake kilicho kando ya lami, ajenge maduka, hoteli au kituo cha mafuta. Naye atawajengea wakazi uwanja wa mpira wenye nyasi bandia na taa, uwanja wa kikapu na wa netiboli, pembea za watoto na vyoo. Halmashauri haitatoa hata senti. Vijana wanashangilia. Kisha mzee mmoja anasimama kule nyuma na kuuliza: siku ya msiba turubai tutafunga wapi? Kuanzia hapo mkutano unakuwa mikutano miwili, kila mmoja ukizungumza yake.

Mfano huo ni wa jumla, hauhusu mtaa fulani wa Dodoma. Nauandika kwa sababu mji wetu umefika mahali ambapo mapendekezo ya namna hii hayaepukiki, na kwa sababu naamini watu wengi huyakubali au kuyakataa kabla ya kuonyeshwa kinachotoka mkononi mwao. Wanaounga mkono huzungumzia uwanja. Wanaopinga huzungumzia ardhi. Kinachohama hasa ni haki: haki ya mtu yeyote kuingia mahali fulani, saa yoyote, bila kulipa wala kuomba, na badala yake inakuja huduma iliyo bora zaidi ila ina mlango, ratiba na msimamizi. Ni kubadilishana kisima cha wote kwa bomba lenye kufuli. Bomba huenda likawa na maji safi kuliko kisima, na pengine ndilo linalofaa. Lakini lazima ijulikane mapema ufunguo atakaa nao nani.

Kwa nini Dodoma, na kwa nini sasa

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini. Sensa ya 2022 ilihesabu 765,179. Hilo ni ongezeko la zaidi ya asilimia 86 katika miaka kumi, na katikati ya miaka hiyo, Julai 2016, ndipo Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma kwa vitendo. Wizara zikaja, Mji wa Serikali ukaanza kujengwa Mtumba, na mwaka 2024 treni ya SGR ikaanza kuleta abiria kutoka Dar es Salaam. Palipokuwa na mashamba ya uwele, mtama na zabibu pamekuwa vitalu vya nyumba, na kipande chochote kisicho na jengo karibu na barabara kubwa kina watu wanaokipigia hesabu.

Ni vizuri kukumbuka kwamba nafasi hizi ziliachwa kwa makusudi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, yaani CDA, ikaundwa mwaka huohuo. Mpango kabambe wa kwanza, wa mwaka 1976, uliandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates kutoka Toronto, Kanada. Uliuchora mji wa watembea kwa miguu na mabasi, makazi yakitenganishwa na maeneo ya kijani, watoto wafike shuleni na uwanjani bila kukatiza barabara kuu. Mengi katika ndoto ile hayakutimia. Hata hivyo wapima walipokwenda uwandani na mchoro mkononi, waliacha vipande ambavyo mpaka leo vinaitwa maeneo ya wazi, na ndivyo vinavyogombaniwa.

Tarehe 15 Mei 2017 CDA ilivunjwa, na majukumu yake yakahamishiwa iliyokuwa Manispaa, ambayo mwezi Aprili mwaka uliofuata ikawa Jiji. Sasa upo mpango kabambe mpya wa mwaka 2019 hadi 2039. Kwa mkazi wa kawaida maana yake ni hii: mtaa mmoja unaweza kuwa na mchoro wa enzi za CDA na mchoro uliorekebishwa baadaye, na eneo lililopakwa rangi ya kijani katika mmoja likawa na rangi nyingine katika ule wa pili. Anayesema "hili ni eneo la wazi tangu zamani" na anayesema "matumizi yalishabadilishwa" wanaweza wote wawili kuwa na karatasi ya kweli mkononi. Swali linalobaki ni karatasi ipi ndiyo inayotumika sasa, na kama mabadiliko yalifuata taratibu.

Mali ya nani?

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Ardhi hiyo imegawanywa katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Tukisikia "ardhi ya hifadhi" mawazo yetu hukimbilia Serengeti na Ngorongoro. Lakini kifungu cha 6 cha sheria hiyo kinaweka katika kundi hilohilo ardhi iliyotengwa chini ya sheria za mipango miji, pamoja na viwanja vya umma vya mapumziko. Kwa jicho la sheria, kiwanja cha chandimu kilichotengwa rasmi kinaweza kukaa kundi moja na msitu wa hifadhi. Wenyeviti wengi wa mitaa hawajawahi kuambiwa hivyo, na natamani kila mmoja wao angelijua hilo.

Neno lenye uzito hapo ni "rasmi". Watoto hucheza popote penye nafasi, ila nafasi hizo hazilingani. Kuna ile iliyoandikwa kwenye mchoro ulioidhinishwa kuwa eneo la wazi, bustani au uwanja wa michezo. Kuna iliyotengwa kwa ajili ya shule, zahanati au soko ambalo halijajengwa, na wakazi wameizoea kama uwanja wao. Na kuna viwanja vya watu binafsi ambao hawajapata fedha ya kujenga. Mtaa unaotetea nafasi ya aina ya kwanza umesimama penye mwamba. Unaotetea ya tatu hauna la kusimamia, hata kama watoto wamecheza pale miaka ishirini. Nimeona nguvu nyingi za wakazi zikiishia kwenye kilio cha mazoea, wakati jibu lilikuwa kwenye mchoro uliokunjwa ofisini.

Lipo jambo jingine ambalo husahaulika upesi: eneo hilo limekwisha kulipiwa. Katika upimaji shirikishi, mwenye shamba huachia sehemu ya ardhi yake ili zipatikane barabara na huduma za jamii. Katika viwanja vinavyouzwa na mamlaka, bei ya kiwanja hubeba gharama za upimaji wa kitalu chote, pamoja na nafasi ambazo hakuna aliyeuziwa. Aliyenunua kiwanja mkabala na eneo la wazi alinunua pia ahadi kwamba mbele yake hapatajengwa. Kwa hiyo mtu akisema "eneo hili halina mwenyewe, tulitumie," asahihishwe kwa upole. Wenyewe ni wengi mno, ndiyo maana hawana hati moja mkononi.

Mabadilishano matatu yenye jina moja

Mjadala mwingi unachanganyika kwa sababu neno "kubadilishana" hutumika kwa mambo matatu yasiyofanana.

La kwanza ni pale ardhi inapobaki ya umma, na mwekezaji anaruhusiwa kujenga viwanja na kuviendesha kwa miaka kadhaa, akirudisha fedha yake kwa viingilio, kodi ya saa na vibanda vya vinywaji, kisha anavikabidhi. Katika hili hakuna ardhi inayopotea. Kinachobadilika ni masharti ya kuingia, na mapambano yote yako kwenye mkataba: bei, saa za bure, muda, na hali ya uwanja siku ya kukabidhi. Siku hiyo nyasi bandia zitakuwaje? Kwa kawaida zulia la namna ile hudumu miaka minane hadi kumi, halafu linahitaji kubadilishwa lote. Mkataba wa miaka kumi usiotaja ubadilishaji huo unaweza kuurudishia mtaa zulia lililochakaa na gharama ambayo mtaa hauwezi kuibeba.

La pili ni pale kipande cha eneo kinapotolewa moja kwa moja na viwanja vinajengwa kwenye kipande kinachobaki. Hili ndilo huonekana la haki kuliko yote, na ndilo linalotaka hesabu. Tuseme eneo lina ekari 5, sawa na mita za mraba zaidi kidogo ya 20,000. Mwekezaji anachukua ekari 3, wakazi wanabaki na 2 zenye viwanja vya kisasa. Uwanja kamili wa mpira wa miguu wa mita 105 kwa 68 unakula mita za mraba 7,140. Uwanja wa kikapu, mita 28 kwa 15, ni 420. Netiboli ni kama 465. Jumla inafika takriban 8,025, na ekari 2 ni takriban 8,094. Viwanja vimeenea, naam, lakini mstari umegusana na mstari. Hakuna nafasi ya nje ya mstari, hakuna mahali pa kukaa, hakuna pembea, hakuna mti, hakuna choo, hakuna pa kuegesha hata bodaboda. Atakapofika mtu wa michoro, uwanja wa mpira utapunguzwa uwe wa watu watano kila upande, labda mita 40 kwa 20, yaani mita za mraba 800. Kwenye maandishi utaendelea kuitwa "uwanja wa mpira". Mtaa uliopiga makofi kwa uwanja wa kumi na mmoja utapokea mwingine wenye ukubwa wa sehemu ya tisa ya ule, na hakuna aliyevunja mkataba. Ndiyo maana vipimo viandikwe kwa mita, vyote, kabla ya mtu kunyoosha mkono.

La tatu ni pale eneo lote linapoondoka na wakazi wanapewa eneo jingine, au fedha ya kujenga viwanja kwingine. Kwingine wapi? Mji huu umetanuka sana, na ardhi ambayo bado ni rahisi kuipata iko pembezoni. Eneo la Makole au Area C likibadilishwa kwa kipande kikubwa maradufu kule mwisho wa Nzuguni, hesabu ya ekari itasema mtaa umefaidika. Mtoto wa miaka saba hatakwenda huko peke yake, bibi anayetembea asubuhi kwa ajili ya sukari yake hatafika, na nauli ya daladala ya kwenda na kurudi itageuka kiingilio hata kama getini hakuna mtu.

Thamani kwa bei ipi?

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji watulie. Mwekezaji husema: eneo hili ni vumbi, thamani yake ni ndogo, mimi naleta viwanja vya mamilioni mengi, kwa hiyo nyinyi ndio mnaofaidi. Na kama eneo litathaminiwa kama eneo la wazi, ni kweli thamani yake ni ndogo, maana haliruhusiwi kuuzwa wala kujengwa. Ila yeye halichukui ili liendelee kuwa eneo la wazi. Analichukua liwe la biashara, na kiwanja cha biashara kando ya lami kina bei nyingine kabisa. Tofauti ya bei hizo mbili haikuletwa na mwekezaji. Inazaliwa siku matumizi yanapobadilishwa, kwa saini ya mamlaka ya umma. Ni haki faida hiyo ihesabiwe upande wa umma.

Kwa hiyo uthamini ufanywe kwa matumizi yanayokuja. Tangu 2016 tuna sheria mahususi ya uthamini, yenye Mthamini Mkuu wa Serikali na wathamini waliosajiliwa. Hakuna sababu ya kutegemea makadirio ya upande mmoja. Upande wa pili wa mizani nao usihesabiwe gharama ya ujenzi tu, bali pia matunzo: umeme wa taa, maji, mlinzi, ukarabati. Uwanja wenye taa ambazo hakuna anayelipia LUKU yake ni uwanja wa mchana.

Vipo pia vitu ambavyo mthamini hana safu ya kuviandika. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na mara nyingi huja kwa kishindo, maji yakitafuta makorongo. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya eneo la mita za mraba 20,000, inaleta pale lita milioni moja za maji. Udongo ulio wazi, wenye nyasi na miti, hunywa sehemu ya maji hayo na kuyachelewesha yanayobaki. Paa, zege na lami huyasukuma yote kwa pamoja kwenda kwa jirani wa chini. Tukiwa mji uliotegemea kwa miaka mingi visima vya bonde la Makutupora, sisi ndio wa mwisho kuruhusiwa kudharau maji yanayozama ardhini. Na kama eneo limepakana na korongo au mto, kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji, jambo linaloweza kubadilisha hesabu yote ya ekari.

Halafu kuna jua. Nyasi bandia hazipoi kama majani. Jua la Oktoba na Novemba likizipiga, joto la juu ya zulia linaweza kupita nyuzi 60. Uwanja wa namna hiyo hauna mchezaji saa nane mchana, wakati chini ya mgunga au mwarobaini kuna watu kumi wamekaa. Kampeni ya kupanda miti ili Dodoma iwe ya kijani imetugharimu jasho kubwa katika ardhi hii kavu. Mti uliokwisha kushika mizizi mahali ambapo maji ni ya kubeba kwa ndoo una haki ya kuwekwa kwenye hesabu kama ulivyo, na mche mpya usihesabiwe kuwa umeuziba pengo lake.

Nani anaingia, nani anabaki nje

Tukiongea "wakazi wanataka uwanja", mara nyingi tumewasikia wavulana na wanaume wanaocheza mpira. Wana haki yao, na ni wengi. Lakini eneo lisilo na mistari lina zamu nyingi kwa siku moja. Alfajiri wapo wa jogging na wanawake wanaotembea kwa ajili ya presha. Asubuhi mbuzi wa jirani anapita. Mchana wapo wanafunzi wanaosubiri kipindi cha jioni. Jumamosi pana turubai la kipaimara au la harusi. Siku mbaya pana turubai la msiba. Wakati wa siasa pana mkutano wa hadhara. Uwanja wa nyasi bandia haukubali turubai kwa sababu vigingi vyake hutoboa zulia, haukubali mbuzi, na hauna nafasi kwa anayetembea wakati mechi inaendelea. Huduma moja imeboreshwa sana na tano zimehamishwa bila kuambiwa ziende wapi.

Namkuta mara nyingi mtetezi wa mabadilishano akijibu: "Lakini lile eneo mnaliita lenu, mbona limejaa taka?" Jibu lake halipaswi kupuuzwa, maana hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote upande wake, na wanaopinga hufanya kosa kuikwepa. Eneo la wazi lisilo na uzio, bikoni (alama za mpaka za wapima) wala mtu wa kuliangalia huondoka kidogokidogo bila mkutano wowote. Kinaanza kibanda cha chips, inafuata gereji, kisha mtu anasogeza ukuta wake mita tatu, kisha anatokea mwenye barua ya toleo, yaani ya kumilikishwa kiwanja. Wakazi hawapati uwanja wala chochote. Akina mama wanaopita hapo usiku wanaogopa vichaka. Mbele ya hali hiyo, mradi wenye taa na mlinzi unaweza kuwa ndio uokoaji wenyewe, na ninamwelewa kabisa mzazi anayeunyooshea mkono. Ninachokataa ni kulazimishwa kuchagua kati ya kupoteza kwa wizi na kupoteza kwa mkataba. Bikoni, uzio mwepesi, safu ya miarobaini na magoli mawili ya chuma ni gharama ndogo kuliko barabara ya mita mia za lami, na hilo linaweza kuombwa kwenye bajeti ya Jiji kabla hajatafutwa mwekezaji.

Huko Bronx, New York, jambo kama hili lilifanyika mbele ya macho ya dunia. Mwaka 2006 bustani ya Macombs Dam Park, iliyokuwa na njia ya riadha na viwanja vinavyotumiwa na watoto wa mtaa ule, ilifungwa ili pajengwe uwanja mpya wa timu ya besiboli ya Yankees. Ahadi ilikuwa kwamba wakazi watapewa viwanja vingine, kikubwa kikiwa mahali paliposimama uwanja wa zamani wa timu hiyo. Uwanja mpya wa timu ulifunguliwa Aprili 2009. Viwanja vya wakazi vilivyojengwa mahali pa uwanja wa zamani vilifunguliwa 2012. Sehemu nyingine za fidia ziliwekwa juu ya mapaa ya maegesho ya magari, nyingine ng'ambo ya reli kando ya mto. Ahadi ilitimizwa, hilo lisemwe kwa haki. Lakini mtoto aliyekuwa na miaka 8 bustani ilipofungwa alikuwa na miaka 14 ilipofunguliwa ile ya badala. Utoto wake wa michezo ulikuwa umepita.

Somo la huko ni la mpangilio wa hatua. Mtaa unaoruhusu eneo lake lichukuliwe leo kwa ahadi ya viwanja kesho unabaki kuwa mdai. Uwanja wa badala ujengwe kwanza, ukaguliwe, ufunguliwe, na mwekezaji akabidhiwe lake baadaye. Anayekataa mpangilio huo aeleze kwa nini. Marekani kwenyewe kuna sheria ya mwaka 1965 ya Mfuko wa Hifadhi ya Ardhi na Maji, inayosema bustani iliyopata fedha za mfuko huo ikigeuzwa matumizi, lazima itolewe ardhi nyingine yenye thamani ya soko isiyopungua, na yenye manufaa na mahali vinavyolingana na ile ya kwanza. Thamani, manufaa, mahali: ukipungua mguu mmoja, mabadilishano hayajakamilika. Nadhani kipimo hicho kinaweza kutumika Dodoma bila kusubiri sheria mpya, kama masharti ya Baraza la Madiwani.

Uamuzi unafanywa wapi

Wengi huamini kwamba mkutano wa mtaa ukikataa, jambo limekwisha. Kijijini ndivyo mambo yanavyokaribia kuwa, kwani Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti ya kweli juu ya ugawaji wa ardhi. Mjini sivyo. Mtaa hauna mamlaka ya kugawa ardhi wala kubadili matumizi yake. Kwa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, mamlaka ya upangaji ni Halmashauri. Pendekezo hupita kwa wataalamu wa mipango miji, kisha kamati ya madiwani inayoshughulikia mipango miji na mazingira, kisha Baraza, na mchoro uliorekebishwa unahitaji idhini ya wizara yenye dhamana ya ardhi. Ukiacha hayo, mradi mkubwa unadai tathmini ya athari kwa mazingira chini ya NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, na hapo pia wakazi wana nafasi ya kusikilizwa.

Hii haina maana kwamba mkutano wa mtaa ni wa bure. Muhtasari wake husafiri na faili. Diwani akiulizwa kama wananchi walishirikishwa, hiyo ndiyo karatasi anayoitoa. Kwa hiyo msiondoke mkutanoni kabla ya muhtasari kusomwa: waliokubali, waliokataa, masharti yaliyotajwa, na kwa maneno yaleyale. Kuna tahadhari moja ninayowapa ndugu na jirani zangu kila nafasi inapotokea. Karatasi ya mahudhurio iwe na kichwa cha habari kinachosema wazi kuwa ni ya mahudhurio. Saini iliyowekwa kwenye karatasi isiyo na kichwa inaweza kuambatanishwa na chochote, na majina mia mbili ya watu waliokuja kuuliza yakasomeka kama ya watu mia mbili waliokubali.

Nyaraka zenyewe zinaweza kuombwa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma, na mamlaka ina siku 30 za kujibu. Ombi liwe la maandishi, litaje kitalu na namba, na liombe mambo yanayoshikika: mchoro unaotumika sasa, mchoro uliotangulia, kibali cha kubadili matumizi kama kipo, taarifa ya uthamini, na rasimu ya mkataba. Ombi la "taarifa zote kuhusu uwanja wetu" hupata jibu la jumla kama lenyewe lilivyo.

Katika rasimu hiyo kuna kifungu kimoja ambacho ningekitafuta kabla ya kingine chochote: eneo la badala litaandikwaje? Kama viwanja vipya vimejengwa juu ya kiwanja chenye hati ya mwekezaji, au juu ya ardhi ambayo kwenye mchoro bado ni ya makazi au biashara, basi wakazi wamepewa ruhusa tu, na ruhusa huisha. Eneo jipya liingie kwenye mchoro kama eneo la wazi au uwanja wa umma, liidhinishwe, liwekewe bikoni, kabla eneo la zamani halijafutiwa hadhi yake. Saa za bure kwa shule na watoto, bei ya juu kabisa ya saa moja, zamu za wasichana, nani anabadilisha nyasi na lini: hayo yote yanajadilika na yanaweza kurekebishwa mwaka kesho. Hadhi ya ardhi ikishapotea, kuirudisha ni kazi ya kizazi.

Na ikiwa yote yameshindikana na watu wanataka kwenda mahakamani, wajue ratiba mapema. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020, anayetaka kuishtaki halmashauri hutoa kwanza taarifa ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Katika siku 90 greda linaweza kumaliza kazi yake na msingi ukamwagwa. Mahakama zimekuwa zikipokea maombi ya zuio la muda wakati siku hizo bado hazijaisha, ila mwombaji lazima aonyeshe haki anayoidai na madhara yasiyofidika. Mtaa wenye mchoro ulioidhinishwa, muhtasari uliosainiwa na nakala ya ombi la taarifa lenye mhuri wa kupokelewa una kitu cha kuonyesha. Karatasi hizo hukusanywa wakati pendekezo bado ni la maneno, kabla mabati ya kuzungushia eneo hayajashushwa.